Kuchagua Risasi za .22 na .17 kwa Wanyama Wadogo: Mwongozo kwa Wawindaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mwenye bunduki ya .22 (namba hizi, .22 na .17, hutaja unene wa risasi kwa sehemu za inchi) akiniuliza anunue risasi gani, humuuliza mambo matatu kabla ya kutaja chapa yoyote: unawinda mnyama gani, utampiga akiwa umbali gani, na risasi ikimkosa au ikimpita itaishia wapi? Majibu yake huondoa maboksi mengi yaliyopo dukani. Yaliyobaki atayachuja mwenyewe kwa karatasi ya shabaha, kwa sababu bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zinaweza kutofautiana kabisa katika aina ya risasi ambayo kila moja huipiga vizuri.

Naandika kwa ajili ya mwindaji wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe mwenye vibali vyote viwili. Kimoja ni cha umiliki wa silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Cha pili ni leseni ya uwindaji, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa na cha kwanza hakukupi cha pili. Leseni ya uwindaji hutaja mnyama, idadi na eneo, kwa hiyo ukienda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), uliza hapohapo ni silaha gani inaruhusiwa kwa mnyama unayemtaka. Kuwinda usiku kwa kummulika mnyama taa na kumfukuza kwa gari kumekatazwa. Ndani ya Hifadhi za Taifa za Ruaha, Kitulo na Udzungwa hakuna kuwinda kabisa, hata kama sungura amekatiza mbele ya miguu yako.

Hatua ya kwanza: ielewe risasi yenyewe

Risasi za kundi hili zina fataki ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, tofauti na risasi kubwa ambazo fataki yake ni kidonge kilichokaa katikati. Pini ya bunduki hugonga ukingo, ukingo unabonyea, fataki inawaka na kuwasha baruti. Ndiyo maana ganda lake ni jembamba na laini, na ndiyo maana likishapigwa halijazwi tena. Wembamba huohuo unaweka kikomo cha nguvu inayoweza kuwekwa ndani yake.

Kuna aina tatu ambazo mwindaji wa kawaida atahitaji kuzijua. Ya kwanza ni .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na mpaka leo ndiyo inayotumika kuliko zote. Kichwa chake cha kawaida, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwa mnyama, kina uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6 hivi. Ya pili ni .22 Magnum, ambayo kwenye boksi huandikwa .22 WMR. Hiyo ni ya mwaka 1959, ganda lake ni refu na nene zaidi, na kichwa cha greni 40 hutoka kwa kasi ya karibu mita 575 kwa sekunde. Ya tatu ni .17 HMR ya mwaka 2002, yenye kichwa kidogo cha greni 17 kinachokimbia mita 775 hivi kwa sekunde.

Hapa niseme kwa mkazo: aina hizi hazibadilishani. .22 Long Rifle huingia kwenye chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ya .22 Magnum, tena inaingia kirahisi, lakini inacheza mle ndani. Ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikakurudia usoni. Maneno yaliyochongwa kwenye mtutu wako ndiyo yanayoamua. Kama mtutu umeandikwa 22 LR, basi nunua 22 LR, hata muuza duka akikuambia ile nyingine "nayo ni 22 tu".

Hatua ya pili: chagua kasi

Kwa mwenye .22 Long Rifle, uamuzi mkubwa uko hapa kuliko kwenye chapa. Kuna risasi za taratibu, zinazotoka chini ya kasi ya sauti, kama mita 320 kwa sekunde. Kuna za kawaida, mita 325 hadi 330. Kuna za kasi, karibu mita 380. Halafu kuna za kasi ya kupindukia zenye kichwa chepesi, kama CCI Stinger ya greni 32, inayotoka kwa karibu mita 500.

Mtu akiziona namba hizi hukimbilia ile kubwa. Ushauri wangu kwa anayewinda kitoweo ni kinyume chake: anza na ya kawaida au ya taratibu. Risasi inayotoka juu ya kasi ya sauti hupiga mlio mkali angani ukiacha ule wa mdomo wa bunduki, na kanga walio jirani hutawanyika. Pia risasi ya kasi ya .22 haiwezi kuishikilia kasi yake. Kabla ya kufika mita 100 inashuka na kuvuka tena kasi ya sauti, na katika kuvuka huko hutikisika. Ile iliyoanza chini ya kasi ya sauti haipiti msukosuko huo, na mara nyingi matundu yake kwenye karatasi hukaa karibu karibu zaidi.

Baridi ya huku kwetu nayo ina neno. Kasi ya sauti hufuata joto la hewa: kwenye nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi sifuri ni 331. Alfajiri ya mwezi wa saba kule Makete, nyasi zikiwa zimegandia umande, risasi ya kawaida ya mita 330 iko ukingoni kabisa mwa kasi ya sauti, wakati saa nane mchana Usangu risasi hiyohiyo iko chini yake kwa nafasi ya kutosha. Kama unawinda sana Makete, Kitulo nje ya hifadhi, au upande wa Mufindi wakati wa kipupwe, chukua ile iliyoandikwa waziwazi kuwa ya chini ya kasi ya sauti. Kuhusu mwinuko, hewa ya juu ni nyepesi na huipunguzia risasi ukinzani, lakini ndani ya mita 50 hutaona tofauti ya kukusumbua.

Jambo moja kwa wenye bunduki za kujipakia zenyewe: risasi za taratibu wakati mwingine hazina nguvu ya kusukuma mtambo nyuma, na ganda linakwama mlangoni. Wenye bunduki za kuvuta komeo kwa mkono hawana shida hiyo.

Hatua ya tatu: chagua kichwa

Kichwa kizima cha mviringo, cha madini ya risasi pekee au kilichopakwa shaba nyembamba, hupenya moja kwa moja na kuacha tundu dogo. Nyama haiharibiki sana, lakini mnyama aliyepigwa mahali pasipofaa anaweza kukimbia mbali na kufia kichakani pasipo kuonekana. Kichwa chenye tundu mbele hufunguka kikigonga nyama, kinaachia nguvu yake ndani ya mnyama, na anaanguka upesi. Kwenye .17 HMR na baadhi ya .22 Magnum kuna kichwa chenye ncha ya plastiki, ambacho hupasuka vipande vipande karibu mara kinapogonga.

Kwa sungura ninayetaka kumla, chaguo langu ni kichwa chenye tundu cha kasi ya taratibu, kulengwa kichwani. Akipigwa hapo hasikii kitu, na mapaja na mgongo vinabaki salama. Kwa kanga na kwale aliyesimama chini, kichwa kizima kwenye shingo au sehemu ya juu ya kifua kinatosha. Pimbi ana mwili mgumu kuliko anavyoonekana, na ana tabia mbaya ya kutumbukia ufani akijeruhiwa. Huyo mpe kichwa chenye tundu cha kasi, au usimpige. Ndezi ni wa hivyohivyo, isipokuwa mara nyingi hukaa kwenye magugu ambayo risasi ndogo hugonga unyasi mmoja tu na kupotoka, kwa hiyo subiri ajitokeze.

.17 HMR ni nzuri kwa mnyama mharibifu mdogo asiyeliwa, katika uwanda ulio wazi, hadi mita 120 au 150. Kwa kitoweo cha ukubwa wa kwale, itakuachia manyoya na vipande. Bei yake kwa risasi moja pia ni kubwa kuliko .22 ya kawaida mara kadhaa, na hiyo inapunguza mazoezi. Mwindaji asiyefanya mazoezi hujeruhi wanyama.

Wanyama wa shambani ambao .22 si jibu lao

Wakulima wengi huulizia .22 kwa sababu ya hasara za mahindi, viazi na mpunga. Naelewa uchungu wake. Lakini nguruwe pori na nyani dume hawapigwi kwa risasi hizi hata mara moja. .22 Long Rifle ya kasi hubeba nguvu ya jouli 185 hivi mdomoni mwa mtutu. Nguruwe atajeruhiwa, ataondoka nayo, na kesho anaweza kumkuta mama anayekata kuni. Nungunungu hula usiku, na usiku si wakati wako wa kuwinda kwa taa. Fuko yuko chini ya ardhi. Kwa hao wote, peleka taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, ambaye ana mamlaka na silaha inayofaa.

Tumbili ni suala gumu zaidi. Ukipewa kibali rasmi cha kupunguza tumbili shambani, .22 Magnum ndiyo ya chini kabisa ninayoweza kuipendekeza, kwa umbali mfupi. Ila kwa watu wa Rungwe, Busokelo, Makete na upande wa Kilolo unaopakana na Udzungwa, nawasihi kabla ya kushika bunduki wajue tofauti ya tumbili na kipunji. Kipunji ni kima wa kahawia mwenye nywele ndefu na kishungi kilichosimama kichwani. Wanasayansi walimtambua kwenye misitu ya Mlima Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Rungwe na Kitulo na ule wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Anaingia mashambani pembezoni mwa msitu kula mahindi kama wenzake. Risasi moja ya .22 inatosha kumuua, na waliobaki ni wachache mno. Kama huna uhakika unamwona nani kwenye darubini, shusha mtutu.

Hatua ya nne: pima mahali risasi itakapoishia

Maboksi ya .22 yana onyo kwamba risasi ni ya hatari kwa umbali wa karibu kilomita mbili, mengine zaidi. Wengi hulisoma kama maneno ya kujilinda ya kiwanda, na si hivyo. Ukipiga njiwa juu ya mti, ukakosa, kile kichwa cha gramu 2.6 kinaenda kuangukia kijiji cha pili. Kwa bunduki ya mtutu wenye mifuo hapigwi ndege aliye mtini huku nyuma yake pakiwa na anga, wala ndege anayeruka. Kazi hiyo ni ya shotigani.

Majabali ya Iringa yanahitaji maneno yao. Pimbi hupenda mawe makubwa yaliyolundikana, na mwindaji humwona ameota jua juu ya jiwe, amekaa vizuri kabisa. Kichwa kizima cha .22, hasa cha taratibu, kikigonga jiwe hakivunjiki; kinachepa na kuruka upande usioweza kuutabiri, na bado kina nguvu ya kuua. Maji na udongo uliokauka sana navyo hurudisha risasi vilevile. Kwenye majabali, kichwa chenye tundu au chenye ncha ya plastiki hupunguza hatari kwa sababu huvunjika, lakini hakiiondoi. Ninachokubali mimi ni pimbi aliyeshuka chini, mwenye tuta la udongo laini nyuma yake. Aliye juu ya jiwe namwacha, na sijaona sababu ya kubadili msimamo huo.

Kwenye mashamba ya tambarare ya Mbarali au Ismani, tuta hilo halipo. Panda mahali pa juu kidogo ili upige kuelekea chini, risasi izame ardhini nyuma ya mnyama. Uliza kwanza njia za watu zinapita wapi, na watoto wa kuchunga wako upande gani.

Hatua ya tano: acha karatasi iamue

Nunua boksi moja moja la aina tatu au nne zilizobaki baada ya mchujo. Usinunue katoni. Tafuta eneo halali la kupigia lenye tuta refu la udongo, weka karatasi mita 50, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na chagua siku isiyo na upepo.

Kila aina ina mafuta yake au nta yake juu ya kichwa, na nta ya aina iliyotangulia hubaki mtutuni. Kwa hiyo ukibadilisha aina, piga risasi kumi hivi za kuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu chochote. Kisha piga makundi ya risasi tano tano, angalau makundi matatu kwa kila aina, bila kugusa mitambo ya kulengea. Usijali kama kundi liko juu au pembeni ya alama, hilo hurekebishwa. Angalia ukubwa wa kundi. Kwa mtu anayelenga kichwa cha sungura, risasi zote tano zinapaswa kuingia ndani ya duara la sentimita 3 kwa mita 50. Aina inayoweka nne pamoja na kuitupa ya tano mbali mara kwa mara, iache, hata ikiwa ndiyo ya bei ghali kuliko zote. Eley, CCI, Federal, Winchester, RWS na nyingine zote zina risasi nzuri, na zote nimeziona zikikataliwa na mtutu mmoja na kupendwa na mwingine.

Ukishapata iliyoshinda, rekebisha darubini ipige katikati kwenye mita 50. Halafu sogeza karatasi mita 25, 75 na 100, uandike kwenye daftari risasi inaingia wapi. .22 Long Rifle ya kasi iliyorekebishwa kwa mita 50 itashuka sentimita 16 hivi ikifika mita 100, na ile ya taratibu zaidi ya sentimita 20. Mtu akikosea kukadiria umbali kwa mita 20 tu, amekosa au amejeruhi. Kwa sababu hiyo, wengi wetu na .22 Long Rifle tunapaswa kuishia mita 60 au 70. .22 Magnum inakubali mita 100 na kidogo.

Upepo ufanyie zoezi lake siku nyingine. Watu wa Makambako wanajua upepo wao. Siku nyingi hautulii mpaka jioni. Upepo wa kukata ubavuni wa mita nne na nusu kwa sekunde, ule unaotikisa matawi madogo muda wote, husukuma .22 ya kasi sentimita 3 au 4 kwenye mita 50, na karibu 14 kwenye mita 100. Ya kawaida husukumwa kidogo pungufu kwenye mita 100, jambo linalowashangaza wengi, kwa kuwa ile ya kasi hupoteza mwendo wake haraka zaidi njiani. .17 HMR pamoja na mbio zake zote ina kichwa chepesi, na upepo huipata pia.

Kubeba, kutunza na risasi isiyolia

Usimwage risasi mfukoni zikachanganyika na vumbi la njia. Ile nta hushika mchanga, na mchanga husugua mtutu. Zibaki kwenye boksi lake. Tukuyu na Rungwe kwa jumla, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, unyevu ni adui mkubwa: risasi za fataki ya ukingo hazikuzibwa imara kama kubwa. Ziweke kwenye chombo kinachofunga hewa pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu, ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na jiko na mbali na watoto.

Ukivuta kifyatulio na isilie, usifungue komeo. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu taratibu mpaka sekunde 30 zipite, maana fataki iliyochelewa inaweza kuwaka. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, simama kabisa. Toa risasi zote, chungulia mtutu kutokea nyuma au pitisha ufito wa kusafishia. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani, na risasi itakayofuata itapasua mtutu.

Nyumbani, kabla nyama haijaingia sufuriani, kata na utupe sehemu yote iliyozunguka jeraha, zaidi kidogo ya ile yenye damu iliyovilia. Madini ya risasi ni sumu, na vichwa vyenye tundu huacha chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Watoto na mama wajawazito ndio wanaodhurika zaidi. Utumbo na vipande ulivyokata vifukie, usivitupe wazi. Mbwa, kunguru na tai huzila chembe hizohizo.

Mwisho kuna namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi. Ukipata risasi inayoupendeza mtutu wako, rudi dukani mapema ununue maboksi mengine ya namba ileile, kwa kadiri kibali chako kinavyoruhusu. Toleo jipya la chapa ileile linaweza kupiga sentimita mbili pembeni, kwa hiyo kila namba ikibadilika, karatasi moja ya mita 50 ipigwe kabla ya kwenda porini.